Chembe hazitii leza: kagua maji kwanza

Mwanga wenyewe hausukumi chembe katika kazi hii ya kusogeza chembe ndogo ndani ya maji kwa joto la leza, chini ya hadubini. Leza hupiga kitu cheusi, kitu hicho kinapata moto, na joto linatengeneza mteremko ndani ya maji: hapa nyuzi 60, pale pembeni nyuzi 30. Mteremko huo ndio unaosukuma. Chembe zikigoma, watu wengi huikimbilia leza: kuinunulia betri mpya, kuisogeza, kuilaani. Kwa benchi lililoko Lamu, ambako chumvi imo kwenye upepo, kisimani na hata kwenye kitasa cha mlango, mkosaji wa kwanza wa kushukiwa ni maji.

Vipimo vya humu vinafuata mpangilio mmoja wa bei nafuu. Kuna leza ya kijani ya nanomita 532 yenye miliwati 5, inayoingia kutoka chini kupitia kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga) ya hadubini ya shule. Kuna lenzi ya mara 40, slaidi iliyopakwa masizi, na kioo chembamba cha kufunikia cha milimita 18 kwa 18. Chembe ni za polistirini (aina ya plastiki) za mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, au hamira iliyozimuliwa sana kama polistirini haijavuka kutoka Mokowe, upande wa bara.

Kabla ya yote, ziba tundu la kutazamia kwa tepu nyeusi na uangalie kwa kamera tu. Lenzi inakusanya mwanga wa leza na kuupeleka moja kwa moja ndani ya jicho. Leza nyingi za kijani za bei rahisi pia huvujisha miale ya nanomita 808 na 1064 ambayo jicho haliioni, na miwani ya kuzuia kijani haiizuii hiyo. Miwani ya jua haizuii chochote cha maana.

Chembe zinatetemeka tu, haziendi popote

Kutetemeka ni kawaida. Chembe ya mikroni 1 hupigwapigwa na molekuli za maji muda wote, leza iwake isiwake. Unachotafuta ni mwendo wenye mwelekeo.

Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni kwamba hakuna joto. Maji safi hayafyonzi mwanga wa kijani. Miale inapita kama inavyopita dirishani. Wanaotumia leza za nanomita 1455 au 1480 hawahitaji masizi kwa sababu maji yenyewe hufyonza mawimbi hayo ndani ya sehemu ya milimita. Kwa kijani lazima pawe na kitu cheusi: tabaka la dhahabu la nanomita chache, wino wa China wenye kaboni, au masizi ya koroboi. Wino wa kalamu ya kawaida huchujuka rangi kwa leza ndani ya dakika. Piko ya harusi nayo isikutie tamaa kwa weusi wake, maana inaleta kemikali zake ndani ya maji.

Masizi yanapakwa hivi. Pitisha slaidi safi juu ya ulimi wa moto wa koroboi kwa sekunde 2 au 3, bila kusimama. Tabaka likiwa sawa, unaweza kusoma herufi za gazeti kupitia kioo lakini zinaonekana kijivu. Likiwa jeusi ti, ni nene mno na litabanduka. Futa nusu ya slaidi kwa pamba ili ubaki na mpaka: upande mmoja mweusi, mwingine wazi. Mpaka huo ni kipimo chako cha bure, kwa sababu leza ikipiga upande wa wazi mwendo wote wenye mwelekeo unatakiwa kufa papo hapo. Usipokufa, unachokiona hakitokani na joto la leza.

Hesabu ya nguvu ni rahisi. Miliwati 1 ikifyonzwa ndani ya doa la kipenyo cha mikroni 20, katikati ya kioo na maji, hupandisha joto la doa kwa takriban nyuzi 15. Doa likipanuka hadi mikroni 200 kwa sababu kondensa haijainuliwa vizuri, nguvu ileile inakupa nyuzi 1.5, na mteremko unakuwa mlegevu hata zaidi. Kwa hiyo kaza doa kabla ya kutafuta leza kubwa.

Ukitaka ushahidi kwamba joto lipo, yeyusha nta ya nyuki, ipake kama utando mwembamba juu ya masizi, na upige leza pakiwa pakavu. Nta hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Ukiona duara linalong'aa limeyeyuka, mpaka wake ndio mstari wa nyuzi hizo. Kumbuka kwamba bila maji juu yake doa hupata moto zaidi kuliko ndani ya kijichumba, yaani nafasi ya maji kati ya slaidi na kioo cha kufunikia.

Zinakuja badala ya kukimbia, au zinakimbia badala ya kuja

Hapa ndipo maji yanaposema. Chembe kutembea kwenye mteremko wa joto huitwa themoforesi. Carl Ludwig aliona jambo hilo mwaka 1856, na Charles Soret akalipima kwenye miyeyusho ya chumvi mwaka 1879. Kasi yake ni mteremko wa joto ukizidishwa kwa kigezo cha chembe, ambacho ndani ya maji kwa kawaida ni kati ya mikroni-mraba 1 na 10 kwa sekunde kwa nyuzi. Mteremko wa nyuzi 1 kwa kila mikroni hutoa basi mikroni chache kwa sekunde, mwendo wa kuonekana kwa macho kwenye skrini.

Mwelekeo hauamuliwi na leza. Unaamuliwa na ngozi ya chembe na ioni zinazoizunguka. Polistirini yenye chaji hasi, ndani ya maji yenye chumvi kidogo na joto la chumba la kwetu, hukimbilia baridi: doa linabaki tupu kama uwanja baada ya mvua. Kila chembe imevaa wingu la ioni, na unene wa wingu hilo unategemea chumvi. Kwa chumvi ya mezani, milimola 1 kwa lita inaacha wingu la nanomita 9.6, milimola 10 inalibana hadi 3, maji ya bahari hulibana hadi chini ya nusu nanomita. Wingu likibanwa, msukumo unapungua, na chembe huweza kusimama au kugeuka.

Chukua kipima TDS (kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini), kile cha kalamu kinachouzwa kwa ajili ya mashine za maji. Ppm (sehemu kwa milioni) 500 za chumvi ya mezani ni takriban milimola 8.6. Maji hayo yanakunywika bila tabu, na mtu wa Shela atakwambia ni matamu, lakini kwa chembe ni maji ya chumvi kali. Kwa kuanzia, maji yasomeke chini ya ppm 5. Maji ya jabia yanadanganya: yametoka mbinguni safi, kisha yamelala juu ya chokaa na kuchukua kalsiamu. Kalsiamu ina chaji mbili, kwa hiyo hubana wingu vibaya kuliko chumvi ya kawaida kwa kiasi kilekile. Visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vina tabia hiyohiyo.

Maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri ya gari yanafaa, mradi usome chupa vizuri, kwa maana rafu hiyohiyo huuza asidi ya betri. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi husoma chini sana kwenye TDS na yanashawishi, ila yamejaa vumbi na bakteria. Bakteria wanaogelea wenyewe, na utajikuta unasifu leza kwa kazi isiyoifanya.

Kuna kosa jingine ambalo TDS huweza kulipitisha. Vioo vilivyosafishwa kwa magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi, visiposuuzwa vya kutosha huacha alkali. Ioni za haidroksaidi zinaitikia joto kwa nguvu kuliko ioni za klorini, hivyo hujenga umeme mdogo ndani ya mteremko, na umeme huo huvuta chembe zenye chaji hasi kuelekea kwenye moto. Mtu anabaki kushangaa kwa nini jana zilikimbia na leo zinakusanyika. Chovya karatasi ya pH: maji yaliyotoneshwa yakikaa wazi huwa karibu 5.6 kwa sababu ya hewa ya kaboni. Ukipata 9 au zaidi, suuza vioo mara tano, si mara mbili.

Kama unataka zije kwenye joto, usingoje bahati. Njia moja ni kuongeza polietilini glikoli, mathalan asilimia 5 ya ile yenye uzito wa molekuli 10,000. Glikoli yenyewe inakimbia joto, inaacha pengo kwenye doa, na chembe zinasukumwa kuingia humo. Njia ya pili ni CTAC, aina ya sabuni yenye chaji chanya, ya milimola 10 hivi: huzivika chembe chaji chanya, na uwanja wa umeme unaotokana na joto huzivuta hadi kwenye doa. Chembe moja ikiingia na kukaa, ukihamisha doa polepole kwenye eneo la masizi, nayo inafuata.

Usichanganye haya na koleo za mwanga za Arthur Ashkin, aliyepewa Nobel mwaka 2018. Koleo hizo hushika kwa nguvu ya mwanga wenyewe na mkono wake haufiki mbali zaidi ya mikroni 1 au 2 kutoka kwenye kitovu. Chembe zikianza kuitika zikiwa umbali wa mikroni 30, hilo ni joto.

Zinakuja chini, zinapanda katikati, zinaondoka juu

Huu ni myuko: maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Ukitazama sehemu ya chini tu utaapa kwamba chembe zinapenda joto. Angalia kwa makini chembe moja. Inateleza sakafuni kuelekea kwenye doa, inaongeza mwendo, halafu ghafla inafifia na kuwa duara la ukungu. Haikupotea, imeinuka ikatoka kwenye fokasi. Inua lenzi kwa mikroni 50 na utaiona huko juu ikienda zake nje.

Jaribio la kutofautisha ni hilo la kuangalia ngazi mbili. Mwelekeo ukigeuka kati ya chini na juu, ni myuko. Jaribio la pili ni kuchanganya chembe za aina mbili, mathalan polistirini na matone ya mafuta ya maziwa (tone 1 la maziwa kwa mililita 50 za maji). Myuko hubeba kila kilicho kwenye kimo kimoja kwa kasi moja, kama mkondo wa mlango wa bahari unavyobeba mashua na magugu. Themoforesi huchagua.

Dawa ni kupunguza kimo cha kijichumba. Ukipunguza nusu, kasi ya myuko hushuka karibu mara nane, ilhali themoforesi haipungui kwa kiasi hicho. Angalia tepu uliyotumia. Tepu nyembamba ya pande mbili huwa ya mikroni 100 hivi. Ile yenye sponji, inayouzwa kubandikia vioo vya ukutani, ni milimita 1 au zaidi, na hapo umejenga sufuria. Kwa kijichumba chembamba kata vipande vya nailoni ya kufunikia chakula, ambayo ni mikroni 10 hadi 12, uviweke kwenye pembe nne.

Kiasi cha maji nacho kina hesabu yake. Kioo cha milimita 18 kwa 18 chenye kimo cha mikroni 100 kinahitaji mikrolita 32. Kimo cha mikroni 10 kinahitaji mikrolita 3 tu, pungufu ya tone dogo la bomba la sindano. Ukidondosha tone zima, kioo cha juu kinaelea na nailoni yako haina kazi. Nyonya ziada kwa karatasi ya shashi ukingoni mpaka kioo kikae.

Pima kimo badala ya kukisia. Chora alama ya kalamu upande wa ndani wa vioo vyote viwili, weka fokasi kwenye ya chini, kisha ya juu, na usome tofauti kwenye kirungu cha fokasi ndogo. Kwa lenzi kavu zidisha kwa 1.33, kwa sababu maji yanaonekana yana kina kidogo kuliko kilicho halisi.

Hamira ina shida ya ziada. Seli yake ni ya mikroni 5 hivi na ni nzito kuliko maji. Huzama mikroni 1 au 2 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya dakika moja au mbili kijichumba cha mikroni 100 kimeshamwaga kila kitu sakafuni. Polistirini ya mikroni 1 huchukua karibu saa nzima kushuka kimo hicho. Ukifanya kazi na hamira, tenda haraka au geuza slaidi kila baada ya muda.

Kiputo kimetokea kwenye doa na kila kitu kinakimbilia huko

Uso wa kiputo una upande wa moto na upande wa baridi. Maji ya moto yana mvutano mdogo wa uso, hivyo uso unavuta maji kutoka upande wa moto kuelekea wa baridi kwa kasi inayoweza kuzidi myuko mara nyingi. Chembe zinakusanyika kwenye shina la kiputo na kubaki hapo kama pete hata ukizima leza. Wapo wanaolitaka hilo, kwa kubandika chembe mahali maalumu. Kama hulitaki, sababu ni moja kati ya mbili.

Kwanza, masizi hayapendi maji. Maji yanakaa juu yake na kuacha hewa kwenye vishimo, na hewa hiyo ndiyo mbegu ya kiputo. Lowesha slaidi kwa spiriti kwanza, acha ienee, kisha ibadilishe kwa maji kwa kudondosha upande mmoja na kunyonya kwa shashi upande wa pili, mara tatu. Spiriti isipotoka yote utapata mikondo mingine ya ajabu.

Pili, hewa iliyoyeyuka majini. Chemsha maji dakika 10, yajaze chupani mpaka juu, funika, yapoe yenyewe. Yatumie siku hiyohiyo. Kisha shusha nguvu ya leza kwa kuweka kipande cha kioo cha kijivu njiani, si kwa kudhoofisha betri.

Uwanja wote unatambaa upande mmoja

Zima leza. Ukiendelea kutambaa, kijichumba kinavuja au kinakauka: maji yanatoka ukingoni na kuvuta mengine. Ziba kingo nne kwa rangi ya kucha, subiri dakika 5, paka tena. Pangaboi likiwa juu ya benchi, ukingo usiozibwa vizuri hukauka upande unaopulizwa, na mtambao hufuata upepo.

Picha ikiruka badala ya kutambaa, ni sakafu. Ghorofa za nyumba za mawe za Lamu zimelala juu ya boriti za mikoko, na mtu akipita chumba cha pili lenzi ya mara 40 inamhesabu hatua. Shuka chini, weka hadubini kwenye baraza la mawe.

Zimeganda kwenye kioo au zimeshikana mafungu

Chumvi tena, hasa kalsiamu. Mafungu hayatenganishiki kwa kutikisa. Tengeneza mchanganyiko mpya kwa maji safi. Kama ni kuganda kwenye kioo tu, ongeza Tween 20 (aina ya sabuni isiyo na chaji) ya asilimia 0.1, ila ujue kwamba nayo inagusa ngozi ya chembe na mwelekeo wa themoforesi utahitaji kupimwa upya.

Doa linalotembea halisukumi maji

Hii ni mbinu nyingine: doa huzungushwa kwenye mstari mmoja mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na maji yanasogea kwa sababu yakipata joto hutanuka na mnato wake hupungua. Mwaka 2018 watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliitumia kusukuma umajimaji ndani ya viinitete vya mnyoo C. elegans. Maji yakienda kinyume cha mwendo wa doa, hakuna kilichoharibika, ndivyo inavyotakiwa. Nguvu ya msukumo inafuata mraba wa ongezeko la joto, kwa hiyo nyuzi 3 badala ya 10 zinakuachia chini ya sehemu moja ya kumi. Na ukipoza slaidi kwa barafu hadi karibu nyuzi 4, maji hayatanuki kabisa na kila kitu kinasimama.

Asubuhi ilifanya kazi, adhuhuri imekufa

Hapa sasa ni leza. Leza ya kijani ya bei nafuu ndani yake ina diodi ya nanomita 808 inayolisha fuwele, na wimbi la diodi hiyo husogea karibu nanomita 0.3 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Chumba kikiwa na nyuzi 32 wakati wa kaskazi, na leza ikiwa imewaka dakika 20 mfululizo, wimbi linatoka kwenye eneo ambalo fuwele inafyonza, na kijani hufifia hata kama betri imejaa. Ifunge kwenye kipande kinene cha alumini, iwashe sekunde 30 na kuizima 60, au hamia kwenye diodi nyekundu ya nanomita 650, isiyo na fuwele ya kulishwa, kwa sababu masizi hayachagui rangi.

Kabla ya kuihukumu, futa lenzi ya kondensa. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi usioonekana mchana; ukimulika kwa tochi kwa upembeni unaonekana kama ukungu. Kwanza maji yaliyotoneshwa kwa pamba, kwa sababu spiriti haiyeyushi chumvi vizuri, kisha spiriti. Ukianza na spiriti unaburuta fuwele za chumvi juu ya kioo na kukikwaruza.